Nyuso za Rangi ya Unga

Nabalayo alizaliwa na kinyaa chake. Mama yake alisimulia kwamba hata alipokuwa mtoto wa kutambaa, akipewa uji wenye donge alifumba mdomo na kugeukia ukuta mpaka bakuli liondolewe. Alipokua hakuweza kunywa chai katika kikombe chenye ufa, wala kukalia kiti kilichobaki na joto la mtu mwingine. Majirani zake wa mtaa wa Huruma walimcheka kwa hilo, maana aliishi ghorofa ya nne katika jumba linalotazamana na Kiamaiko, ambako mbuzi huchinjwa tangu alfajiri, na ikifika saa nne upepo huleta harufu ya damu na ya manyoya yaliyochomwa mpaka ndani ya shuka. Aliishi hapo miaka kumi na mmoja na harufu ile hakuizoea hata siku moja. Kila asubuhi alifungua dirisha, akakunja pua, akalifunga tena.

Miaka tisa kati ya hiyo alifanya kazi katika kiwanda cha mabeseni ya plastiki. Kazi yake hasa ilikuwa kukataa. Beseni lenye kovu, lenye kiputo, au lililochujuka rangi upande mmoja, alilitupa kwenye pipa likayeyushwe upya. Kiwanda kilipofungwa, msimamizi alimwambia wakiagana kwamba hajawahi kuona mtu anayelichukia beseni bovu kama yeye. Nabalayo aliichukua hiyo kuwa sifa, akaondoka nayo.

Kamera ilitoka kwa dada yake Millicent, aliyerudi kutoka Doha baada ya kufanya kazi za nyumbani huko. Mwajiri wake alikuwa amenunua mpya, akampa ile ya zamani: nyeusi, nzito, yenye lenzi moja na mkanda uliochanika. Millicent aliichoka baada ya wiki mbili. Nabalayo akaipokea, akaipangusa kwa pamba na spiriti mpaka kwenye mianya ya vitufe, kisha akaenda kutafuta kazi kwa Mutunga.

Mutunga alikuwa na studio mtaani hapo hapo, chumba kimoja chenye pazia la bluu, kiti cha plastiki, kompyuta na printa. Hakuwa mtu mbaya. Wateja walimpenda kwa maneno yake matamu, na Nabalayo alipomwambia kwamba anajua kuwasha na kuzima kamera na basi, alimchukua hivyo hivyo. Yeye angekwenda makanisani, kwenye harusi na mazishi. Mutunga angebaki kwenye kompyuta. Alimwambia asiwe na wasiwasi, abonyeze tu, mengine yeye atayasafisha.

Haikumchukua Nabalayo muda kujua kusafisha ni nini. Mutunga alikuwa akifungua picha ya mtu, anavuta kitu fulani kwenye kioo cha kompyuta kutoka kushoto kwenda kulia, na uso unapauka mbele ya macho. Mikunjo inafutika, makovu yanafutika, chale alizochanjwa bibi ya mtu usoni zinafutika, mpaka panabaki kitu laini cha rangi ya unga uliokandwa, chenye macho na meno. Mara ya kwanza kuona hivyo Nabalayo alihisi mate yakimjaa mdomoni, yale yanayotangulia kutapika. Lakini alikuwa mgeni wa kazi, na picha alizokuwa akizileta yeye mwenyewe hazikumpa mdomo wa kusema.

Kwa maana zilikuwa mbaya, na kuliko wote yeye ndiye aliyeuona ubaya wake. Nyuso zilimeta kama zimepakwa mafuta ya kukaangia, kwa sababu ya ile taa ndogo inayochomoka juu ya kamera. Watu waliosimama karibu na kuta za kijani walitoka na ukijani mashavuni kama wagonjwa wa nyongo. Jioni alizipitia moja moja kwenye kioo cha nyuma cha kamera, na moja moja zikamkera.

Kilichomfikisha kooni kilikuwa ibada moja ya mtaa wa Kaloleni. Kanisa lenyewe lilikuwa la mabati, waumini wake wengi ni wazee waliotoka magharibi ujanani kuja kufanya kazi za reli na za halmashauri ya jiji, na siku za sikukuu wote huvaa kanzu nyeupe na vilemba vyeupe. Siku hiyo mama sita walikuwa wakiwekewa mikono kuwa mashemasi. Walipangwa nje saa sita mchana, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, na Nabalayo akawapiga mmoja mmoja.

Alipoangalia nyumbani, kanzu zilikuwa za kijivu kidogo lakini zilionekana kila mkunjo. Ndani ya vilemba hapakuwa na mtu. Palikuwa na matundu sita meusi kama sehemu za nyuma za sufuria za kuni, na katika matundu mawili meno yalionekana. Hawa walikuwa wanawake waliomkaribisha chai, waliomwita mwanangu. Nabalayo aliiweka kamera mezani akaisukuma mbali kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma sahani iliyoingia nzi.

Mutunga hakuona tatizo. Kesho yake alizisafisha zote sita kabla ya chai ya saa nne, na kwa kuwa nyuso zilikuwa giza tupu, alivuta kile kitu mpaka mwisho. Mama wale weusi wa Bungoma na Busia wakatoka na nyuso zinazofanana, za kijivu cheupe, kama wamefufuliwa siku ya tatu. Picha zikachapwa, zikatiwa fremu, zikapelekwa.

Jumatano ya wiki ile ile mzee mmoja aliingia studioni na moja ya fremu hizo, ameifunga kwenye gazeti. Aliitwa Shiundu, mstaafu wa reli, mume wa shemasi mmoja aliyeitwa Mama Khalayi. Alivua kofia, akawasalimu wote wawili kwa mkono, akauliza hali zao. Kisha akaweka fremu juu ya meza, kifudifudi.

"Nimelala kando ya mke wangu miaka arobaini na miwili," alisema. "Huyu mliyenipa simjui, na sitaki alale nyumbani kwangu."

Hakutaka chochote badala yake. Alivaa kofia akaondoka. Mutunga alicheka kidogo, akasema wazee wana vichwa vigumu, kisha akamsogezea Nabalayo ile fremu na kumwambia akiitaka aichukue. Nabalayo aliipindua. Alimkumbuka Mama Khalayi vizuri: mweusi wa kung'aa, mwenye kovu jembamba chini ya jicho na vishimo viwili mashavuni akicheka. Hakuna hata kimoja kilichokuwamo. Akaona kinyaa, na safari hii hakikuwa cha Mutunga peke yake. Ni yeye aliyelileta lile tundu jeusi. Mutunga alilijaza tu.

Alipeleka ile fremu nyumbani, akaisukuma chini ya kitanda, na siku ya pili akashuka na kamera kwa Aoko.

Aoko aliuza makaa chini ya jumba lao, mwanamke mpana asiyechoka kucheka, mweusi kuliko bidhaa yake, kama alivyosema mwenyewe. Nabalayo alimweleza shida yake. Aoko akasema kama ni mtu mweusi anatafutwa basi ametafutwa mahali pake, akaketi juu ya gunia. Nabalayo alimpiga mbele ya shuka jeupe lililoanikwa, na Aoko akatoka tundu. Akampiga mbele ya rundo la makaa, na Aoko akatoka mwekundu aliyepauka, na makaa yenyewe yakawa ya kijivu kama majivu. Hapo Nabalayo akasita. Makaa si ya kijivu. Akaenda karibu, akapiga makaa matupu, yakajaa picha nzima: kijivu. Akapiga shuka tupu: kijivu, kile kile.

Alizitazama zile picha mbili kwa muda mrefu, ya makaa na ya shuka, zilivyotoka ndugu. Basi kumbe kamera haikuwa na jicho. Kila ilichoonyeshwa ilikivuta kuelekea kijivu, na walipokuja mama sita wenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe, ilishtushwa na weupe wote ule ikazima mwanga mpaka nguo zikawa kijivu, na nyuso zikazama. Alimwambia Aoko kwamba amebeba mashine pumbavu shingoni miezi minne akidhani inajua kitu asichokijua yeye.

Aoko akamuuliza kama haina mahali pa kuiambia imekosea.

Palikuwapo. Kilikuwa kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, ambacho Nabalayo alikuwa amekipangusa kwa spiriti kila wiki asijue kazi yake. Mara ya kwanza kilikataa kufanya lolote. Akahangaika nacho mpaka akagundua kwamba gurudumu la juu lilikuwa kwenye alama ya kijani, ile ambayo kamera hujiamulia kila kitu na haimsikilizi mtu. Alilizungusha mpaka kwenye herufi P, akabonyeza tena, na mshale mdogo ukasogea. Shuka akalipa kujumlisha moja, likawa jeupe. Makaa akayapa kutoa moja, yakawa meusi. Aoko mbele ya shuka, kwa kujumlisha moja na nusu, akaonekana uso. Lakini jua la mchana lilikuwa limemchimbia mashimo machoni na shuka likaungua, halina tena mkunjo hata mmoja.

Walirudia wiki tatu, kila Aoko alipokosa mteja. Nabalayo alifuta picha nyingi kuliko alizohifadhi, na kila aliyoifuta aliitukana kwanza. Aliizima ile taa ya juu na hakuiwasha tena. Alijifunza kumwingiza mtu kivulini, hatua mbili ndani ya mlango, uso ukielekea nje kwenye anga na si kwenye jua, kwa maana hapo mwanga huja mpana na mpole, hauchimbi mashimo. Alijifunza kukimbia kuta za kijani. Alijifunza kutazama macho kwanza: kama kuna doa dogo la mwanga ndani ya mboni, mtu yupo; kama halipo, amsogeze. Siku aliyompata Aoko akiwa mweusi kweli, na weusi wenyewe una rangi ndani yake, kahawia ya paji la uso na wekundu wa chini ya macho, Aoko aliitazama ile picha akaacha kucheka kwa mara ya kwanza. Akasema hakujua kwamba anafanana na watu wao wa Siaya kiasi hicho.

Jumamosi Nabalayo akaenda Kaloleni bila kumwambia Mutunga.

Mzee Shiundu alimpokea, akamwita mkewe, kisha akatoka kwenda kuzungumza na jirani ili awaachie nafasi. Nabalayo akaomba radhi kwa ile picha. Alikuwa amejiandaa kwa lawama. Mama Khalayi alimmiminia chai, akazungusha kijiko, akatazama mlangoni kuona kama mumewe yuko mbali.

"Mwanangu, ile picha mimi niliipenda," alisema kwa sauti ya chini. "Yeye ndiye aliyeirudisha. Mimi nililia."

Mama yule akaendelea polepole, bila uchungu, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Utotoni kwao waliimba akipita kwamba chungu kimetembea. Shuleni mwalimu alimkalisha nyuma kwenye picha ya darasa ili asiharibu. Siku ya harusi yake mpigapicha alimmwagia poda mpaka shingoni. Sasa ana miaka sitini na minane, na kwa mara ya kwanza aliletewa picha anayoonekana kama binti ya mtu, na mumewe akaifunga kwenye gazeti.

Nabalayo aliweka kikombe chini. Alimchukia yule mwalimu, akaichukia poda ile, akajichukia yeye mwenyewe kwa kukalia kiti cha mama huyu akiwa amekuja kumrekebisha kama beseni. Hakujua kama ana haki ya kuinua kamera. Mwishowe alisema ukweli uliokuwapo: kwamba anajifunza, na anaomba kujifunza kwake.

Mama Khalayi alienda kuvaa kanzu. Nabalayo akamweka ndani ya mlango wa jikoni, saa kumi jioni, uso nje. Kanzu nyeupe ikajaribu tena kuidanganya kamera, naye akaipa kujumlisha, si moja na nusu kama kwenye jua bali chini kidogo ya moja, ili mikunjo ya kanzu ibaki. Alipiga nne. Katika ya tatu jirani alisema jambo uani na Mama Khalayi akaanza kucheka.

Alimwonyesha hiyo. Mama Khalayi aliishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Mama yangu hakupigwa picha hata moja."

Nabalayo alirudi Huruma akiwa na haraka ya kuichapa. Mutunga alikuwa na wateja, akamwambia aache kadi ya kamera mezani, picha ataikuta tayari asubuhi. Nabalayo akaiacha, na hapo ndipo alipokosea. Asubuhi aliikuta kweli, imechapwa kubwa, juu ya kibodi. Mutunga alikuwa ameisafisha. Kovu halikuwapo. Vishimo vya mashavu vilikuwa vimesawazishwa kama ukuta uliopigwa lipu. Na ule weusi alioutafuta wiki tatu juu ya gunia la makaa ulikuwa umekuwa unga, unga ule ule.

Mutunga alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Nimekusaidia," alisema. "Uliiacha giza."

"Si giza. Ni mtu."

"Mteja akilalamika, atakuja kwangu, si kwako. Mimi nasafisha kila mtu, sibagui."

"Mama yule alioga kabla sijampiga," Nabalayo alisema. "Hahitaji kusafishwa na wewe wala na yeyote."

Alichomoa kadi kwenye kompyuta. Picha yenyewe ya asili ilikuwamo, haijaguswa. Alitoka, na ingawa Mutunga alimwita mara mbili, tena kwa upole, hakurudi siku hiyo wala nyingine.

Alishukia soko la Muthurwa, akaruka madimbwi ya maji meusi yenye majani ya kabichi, akashika pua kupita kwenye mfereji, akapanda mjini mpaka duka la kuchapa picha lenye mtambo mkubwa. Kijana wa mtambo alimweleza kwamba mashine hurekebisha yenyewe. Nabalayo akamwambia aizime isirekebishe, akasimama nyuma ya bega lake mpaka karatasi ikatoka. Ya kwanza ilitoka na wekundu mno, akaikataa. Ya pili akaichukua.

Mzee Shiundu aliitundika sebuleni, juu ya redio, akasogea nyuma, akavua kofia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mama Khalayi aliifurahia. Aliita majirani waje waone mama yake. Lakini Nabalayo alipokuwa akiaga, alimsindikiza hadi kona ya nyumba na kumuuliza kama ile nyingine bado anayo, ile ya kwanza. Angeiweka tu ndani ya sanduku la nguo. Mzee hahitaji kujua.

Nabalayo alisema ataangalia. Njia nzima alijiambia kwamba hatampa, kwamba ataivunja. Usiku hakuivunja. Jumapili aliichomoa chini ya kitanda, akaipangusa vumbi kwa kitambaa bila kuitazama, akampelekea. Uso haukuwa wa Nabalayo, wala kilio hakikuwa chake. Mama Khalayi aliificha ndani ya kanga, akamshika mkono, wala hawakulizungumza tena.

Mwaka wa pili sasa Nabalayo anafanya kazi peke yake. Ana kiti na kitambaa cha kijivu kwenye baraza ya Aoko, hatua mbili ndani ya kivuli, na wikendi huitwa kwenye mitaa ya Fedha na Umoja, mara nyingine Kaloleni. Wateja wengi wakishaona picha zao huomba zing'arishwe kidogo tu, na akikataa hurudi kwa Mutunga, ambaye amenunua printa ya pili. Wengine hulipa, kisha huzipaka weupe wenyewe kwenye simu wakiwa bado wamesimama mbele yake. Hilo humchefua mpaka leo. Hugeuka akajifanya anafuta lenzi. Lakini wapo wanaokuja kutoka mbali wakiwa na mama zao, wakisema wameambiwa hapa kuna mtu anayetoa sura.

Aoko humwambia apunguze kinyaa, kitamfukuzia riziki. Nabalayo humsikiliza, akainamia kamera, akapitia picha za siku. Hii jicho halina mwanga. Hii kanzu imeungua. Anakunja pua, anafuta, anamwomba mama aliyeketi kwenye kiti asogeze uso kidogo upande wa nje.